Tiyo ya maji nyumbani: tuikague pamoja kabla udongo haujaifunika



Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya mipaka ya mashamba, kurudi kwa wakimbizi wa ndani katika vijiji vyao, na namna ya kupinga uvumi. Safari hii tunazungumza juu ya kitu kidogo zaidi: tiyo inayoleta maji kutoka barabarani mpaka ndani ya parsele, pamoja na konteri na robine yake. Tunataka kueleza namna ya kujua kama kazi hiyo imefanywa vizuri, nani anapaswa kuwapo wakati wa ukaguzi, na la kufanya kosa likionekana.

Wengine watauliza: tiyo na amani vinakutana wapi? Vinakutana kwa sababu tiyo iko chini ya udongo. Jambo ambalo watu hawalioni, kila mtu hulieleza kwa namna yake. Maji yakikatika, mwenyeji husema wakimbizi ni wengi, wao ndio wanaoyamaliza. Mkimbizi husema wenyeji wamefunga vane usiku kwa makusudi. Watu wa mtaa wa juu husema wale wa chini wamempa fundi pesa. Baada ya siku chache maneno hayo yanafika kwenye kabila na asili ya mtu. Na mara nyingi sababu yenyewe ni kiungo kimoja ambacho hakikukazwa, au tiyo iliyolazwa juu ya jiwe.

Ndiyo maana tunasema ukaguzi wa tiyo ni kazi ya fundi, lakini pia ni kazi ya viongozi na ya jamaa zote zinazokunywa maji hayo.

MFANO WA UVIRA

Tuchukue mji wa Uvira, katika Kivu ya Kusini. Mji huu umelala kati ya milima na Ziwa Tanganyika, na REGIDESO, shirika la maji lililoanzishwa mwaka 1939, imekuwa ikichota maji katika mto Mulongwe, kuyasafisha na kuyagawa. Kwa miaka mingi Uvira imepokea watu waliokimbia vita katika Milima Mirefu ya Uvira, Fizi na Mwenga, na vilevile watu wa bonde la Ruzizi. Wengi wao hawakukaa katika kambi. Walipokelewa na jamaa, au walipanga chumba katika parsele ya mtu. Kwa hiyo robine moja iliyowekwa kwa ajili ya jamaa moja ikaanza kuhudumia jamaa tatu au nne.

Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika. Maji yalivunja nyumba, yakaacha maelfu ya watu bila makao, na yakaharibu pia vifaa vya maji vya mji. Wakati kama ule kila mtu alitafuta maji alipoweza, na wengi walirudi ziwani.

Jambo hili lina uzito kwa sababu Uvira ni mmoja wa miji ambamo kolera hairudi kwao moja kwa moja. Utafiti uliotangazwa mwaka 2015 ulilinganisha siku za kukatika kwa maji ya robine mjini Uvira na idadi ya wagonjwa waliopokelewa kwa kushukiwa kolera, tangu 2009 mpaka 2014. Ulionyesha kwamba baada ya siku ambayo maji ya robine hayakutoka kabisa, wagonjwa waliongezeka zaidi ya mara mbili katika siku 12 zilizofuata, kulinganisha na siku ambazo maji yalitoka vizuri. Kwa hiyo tiyo iliyofungwa vibaya haipotezi pesa tu. Inaweza kupeleka mtoto hospitali.

MAJI YANATEMBEA NAMNA GANI

Kabla ya kukagua, tuelewe njia ya maji. Kutoka kwenye hifadhi kubwa iliyo juu, maji yanashuka katika tiyo kubwa ya mtaa. Kwenye tiyo hiyo fundi anafunga mkanda wa chuma au wa plastiki ngumu unaoishika pande zote, anatoboa tundu dogo, kisha anaunganisha tiyo nyembamba ya nyumba. Baada ya hapo kuna vane ya kufunga na kufungua, halafu konteri, yaani ile mashine ndogo yenye kuhesabu maji, halafu tiyo ya ndani ya parsele, na mwisho robine.

Nguvu ya maji inatoka kwenye urefu. Kila mita 10 za kushuka zinaleta nguvu ya bari 1 hivi. Nyumba iliyo mita 40 chini ya hifadhi inapata karibu bari 4 wakati robine zote zimefungwa. Nyumba iliyo mita 10 tu chini ya hifadhi inapata bari 1. Na watu wa chini wanapofungua robine zao zote asubuhi, nguvu inapungua zaidi kwa watu wa juu, na mara nyingine maji hayawafikii kabisa.

Tafadhali, viongozi, elezeni jambo hili katika mikutano yenu. Katika miji yetu ya milima, ugomvi mwingi kati ya mtaa wa juu na mtaa wa chini unaanzia hapo. Hakuna aliyeiba. Mlima ndio unaogawa hivyo, na dawa yake ni ratiba ya ugawaji iliyokubaliwa na wote na kubandikwa mahali ambapo kila mtu anaweza kuisoma.

UKAGUZI WA KWANZA: MFEREJI UKIWA WAZI

Ukaguzi ulio bora zaidi hauna gharama yoyote. Unafanyika kabla ya kurudisha udongo. Fundi akisema, «Nimemaliza, funikeni», mjibu kwa heshima: «Tunashukuru, fundi. Tuangalie kwanza pamoja.» Mtazame mambo haya:

1. Kina cha mfereji. Kwa kawaida tiyo ya nyumba inalazwa kati ya sentimita 60 na 80 chini. Panapopita magari iende chini zaidi, au iingizwe ndani ya tiyo nyingine ngumu ya kuilinda. Tiyo iliyo juu juu itakatwa na jembe siku ya salongo, au itavunjwa na mvua inayochimba barabara. Mpime kwa mita ya fundi seremala au kwa kijiti chenye alama.

2. Kitanda cha tiyo. Chini ya tiyo na juu yake kuwe na mchanga au udongo laini, kama sentimita 10 kila upande. Jiwe lenye ncha likiachwa, uzito wa udongo utalisukuma kidogo kidogo mpaka litoboe. Katika maeneo ya mawe ya volkeno, kama Goma, hili ni la kuangaliwa mara mbili.

3. Njia ya tiyo. Isipite ndani ya mtaro wa maji machafu, wala chini ya choo, wala ndani ya shimo la takataka. Ikiwa hakuna njia nyingine ila kuvuka mtaro, ipite juu ya mtaro, ndani ya tiyo ya chuma, bila kiungo chochote katikati.

4. Viungo. Kila mahali tiyo mbili zinapokutana, gusa kwa mkono. Palipofungwa kwa mpira wa baiskeli au kwa mfuko wa plastiki si kiungo, ni kidonda. Viungo vya kukaza viwe na tefloni. Viungo vya gundi vipewe saa za kukauka kabla ya kupitisha maji.

5. Aina ya tiyo. Ile nyeupe au ya kijivu ya PVC haipendi jua. Ikiachwa nje inakuwa ngumu na kupasuka. Ile nyeusi inayopindika inavumilia zaidi. Sehemu inayosimama juu ya ardhi na kubeba robine ni afadhali iwe ya chuma, na ishikwe na saruji ili watoto wasiitikise.

6. Konteri na vane. Viwe ndani ya sanduku lenye kifuniko, mahali ambapo mwenye parsele na wapangaji wote wanaweza kusoma. Konteri ina mshale juu yake. Mshale huo uelekee upande wa nyumba.

7. Chini ya robine. Kuwe na sakafu ndogo ya saruji na njia ya maji yanayomwagika, yasisimame na kuwa tope. Maji yanayosimama yanaleta mbu, na yanaleta pia maneno kati ya majirani.

UKAGUZI WA PILI: MAJI NDANI, UDONGO BADO

Mfereji ukiwa bado wazi, fundi afungue maji polepole ili hewa itoke. Kisha robine ifungwe na tiyo ibaki na nguvu yake. Fundi mwenye kifaa cha kupima nguvu atasukuma mpaka mara moja na nusu ya nguvu ya kawaida, na kuangalia kama sindano inashuka. Ikishuka, kuna mahali panapovuja.

Asipokuwa na kifaa hicho, bado mnaweza kufanya jambo la maana. Kausheni kila kiungo kwa kitambaa, wekeni karatasi kavu chini yake, mngoje saa moja. Karatasi ikilowa, kiungo kinavuja. Hapo hakuna haja ya mabishano, kwa kuwa kila mtu ameona kwa macho yake.

Baada ya hapo, pimeni kasi ya maji. Chukueni bidoni ya litri 20 na saa. Kitabu cha Sphere, chapa ya 2018, ambacho mashirika ya misaada hukifuata, kinahesabu robine ya watu wote kutoa litri 7,5 kwa dakika. Kwa kasi hiyo bidoni inajaa kwa dakika 2 na sekunde 40. Ikichukua dakika 10, ulizeni sababu: labda vane haikufunguliwa yote, labda tundu ni dogo, labda nyumba iko juu. Andikeni muda mliopata. Miezi sita baadaye mkipima tena mtajua kama kitu kimebadilika.

Mwisho, maji ya kwanza yamwagwe. Ndani ya tiyo mpya kuna vumbi, gundi na udongo. Fundi aisafishe kwa maji yenye klori na kuisuuza kabla ya watu kunywa. Penye kifaa cha kupima klori, kidonge kinatiwa ndani ya maji, na maji yanakuwa na rangi ya waridi kulingana na klori iliyomo. Kwenye robine inatakiwa kati ya miligramu 0,2 na 0,5 kwa litri. Rangi isipotokea kabisa, maji hayo hayana kinga.

KWA NINI TUNDU DOGO NI HATARI KWA AFYA

Wengi hufikiri tiyo inayovuja inatoa maji nje tu. Hiyo ni nusu ya ukweli. Maji yakiwa na nguvu, yanatoka nje. Lakini maji yanapokatika, tiyo inabaki tupu na inavuta kama mtu anayenyonya kwa mrija. Ikiwa tundu liko ndani ya mtaro mchafu, tiyo itavuta maji ya mtaro. Maji yakirudi, uchafu huo unakuja mpaka kwenye kikombe. Katika miji ambamo maji yanatoka saa chache tu kwa siku, kuvutwa huku kunaweza kutokea kila siku.

Ndiyo sababu pia mpira wa robine haupaswi kuachwa umezama ndani ya pipa au beseni. Maji yakikatika, yale ya beseni yanaweza kurudi ndani ya tiyo na kwenda kwa jirani.

UKAGUZI WA TATU: KONTERI USIKU

Hapa tunagusa ugomvi unaoletwa mbele ya kamati mara nyingi kuliko mwingine. Tuweke mfano. Parsele moja ina mwenye nyumba na watu wake 7, pamoja na jamaa mbili za wakimbizi, moja ya watu 6 na nyingine ya watu 5. Jumla ni watu 18. Fakture inakuja ikisema metre kibiki 34 kwa mwezi. Mwenye nyumba anakasirika: «Tangu mmefika nyinyi, maji yangu yanakwisha. Lipeni au hameni.»

Tuhesabu bila hasira. Kila mtu akitumia litri 15 kwa siku, kiasi cha chini kinachotajwa na Sphere, watu 18 wanatumia litri 270 kwa siku, yaani metre kibiki 8,1 kwa siku 30. Hata wakitumia mara mbili ya kiasi hicho, haifiki 17. Je, zile nyingine zimekwenda wapi?

Tiyo inayovuja zaidi kidogo ya nusu litri kwa dakika, yaani litri 0,6, inamwaga litri 864 kwa siku. Kwa siku 30 ni karibu metre kibiki 26. Ongeza 8,1 za watu, unapata zile 34. Kumbe mgeni aliyemaliza maji yuko chini ya udongo.

Namna ya kuhakikisha ni hii. Jioni, kwa mfano saa tatu, fungeni robine zote za parsele. Someni konteri mbele ya jamaa zote na mwandike. Namba nyeusi ni metre kibiki, namba nyekundu ni litri. Asubuhi saa kumi na moja, kabla mtu yeyote hajachota, someni tena pamoja. Kama namba hazikusogea, tiyo ni nzima. Kama zimesogea, kuna uvujaji baada ya konteri. Katika mfano wetu, saa nane za usiku zingeonyesha litri 288, zaidi ya bidoni 14, bila mtu hata mmoja kuchota.

Angalieni mambo mawili. Kwanza, kama maji ya mtaa yanakatwa usiku, jaribio hili halina maana. Lifanyeni mchana maji yakiwapo, kwa saa moja au mbili. Pili, maji yanaporudi baada ya kukatika, hewa iliyo ndani ya tiyo inaweza kuzungusha konteri. Ngojeni itoke kwanza.

Konteri yenyewe pia inaweza kusema uongo. Ipimeni. Jazeni bidoni tano zenye litri 20 kamili na mwangalie namba nyekundu. Zinatakiwa kuongezeka litri 100 hivi. Bidoni nyingi za sokoni zinabeba zaidi ya litri 20 zikijaa mpaka mdomoni. Kwa hiyo jazeni kwanza kwa chupa ya litri moja mara 20, na muweke alama.

Uvujaji ulio kabla ya konteri hauonekani katika fakture, lakini maji yanapotea kwa mtaa mzima. Dalili zake ni ardhi yenye kulowa wakati wa kiangazi, majani mabichi mahali pamoja tu, na nguvu ya maji kupungua ghafula. Kwa kawaida, sehemu iliyo kabla ya konteri inatengenezwa na shirika linalogawa maji, na sehemu iliyo baada ya konteri inatengenezwa na mwenye parsele. Kujua mpaka huo kunazuia mabishano mengi.

NANI AWEPO WAKATI WA UKAGUZI

Ukaguzi uliofanywa na mtu mmoja peke yake, hata kama ni mwaminifu, hautoshi. Watu watasema alikuwa upande fulani. Tunashauri wawepo:

- fundi aliyefanya kazi, na ikiwezekana fundi mwingine ambaye hakuifanya;
- mwenye parsele;
- mwakilishi wa jamaa za wakimbizi wanaotumia robine hiyo, aliyechaguliwa na wenzake;
- mwanamke mmoja angalau kutoka kila upande, kwa kuwa akina mama na wasichana ndio wanaochota, na wanajua saa gani maji yanatoka;
- nyumba kumi au shefu wa avenyu, kama shahidi;
- mtu wa kamati ya maji, pale kamati ilipo.

Mambo yote yaandikwe kwenye karatasi moja: tarehe, kina cha mfereji, urefu na aina ya tiyo, namba ya konteri na ilivyosoma siku ya kwanza, muda wa kujaza bidoni, kasoro zilizoonekana, na siku fundi atakaporudi kuzitengeneza. Isomwe kwa sauti, kwa lugha inayofahamika na wote, kwa ajili ya wale wasiojua kusoma. Kisha watie sahihi au kidole. Nakala moja ibaki kwa mwenye parsele, moja kwa wapangaji, moja kwa shefu. Malipo ya mwisho ya fundi yangoje karatasi hiyo. Fundi mzuri hatakasirika, maana karatasi inamlinda naye: tiyo ikikatwa baadaye na mtu mwingine, hawezi kulaumiwa.

KABLA YA KUCHIMBA, MPATANE JUU YA KESHO

Mara nyingi wakimbizi wanachimba mfereji kwa mikono yao, au wanatoa mchango, au shirika linalipa tiyo kwa sababu wao wako pale. Lakini robine inabaki katika parsele ya mwenyeji. Kazi ikiisha, thamani ya parsele inapanda, na mwenye nyumba fulani anapandisha kodi. Jamaa iliyochimba inafukuzwa na robine yake inaiacha nyuma. Hapo msaada uliokuja kuleta maji umeleta chuki.

Kwa hiyo, kabla ya jembe la kwanza, andikeni mapatano mafupi. Kodi haitapanda kwa sababu ya robine kwa miezi mingapi? Bei ya bidoni ni ngapi, na nani aliikubali? Fakture inagawanywa kwa idadi ya watu au kwa idadi ya jamaa? Asiye na pesa kabisa, mgonjwa au mzee, atasaidiwa namna gani? Uvujaji ukitokea, nani analipa fundi? Na jamaa ikirudi kijijini kwao, mchango wake unahesabiwa vipi? Kurasa mbili zinatosha. Shefu wa kartie azitunze.

KOSA LIKIONEKANA

Msikate tiyo. Msiende kufunga vane ya jirani kwa hasira. Fuateni hatua hizi:

Kwanza, fungeni vane ya parsele yenu ili maji yasipotee, na chemsheni maji ya kunywa au yatieni dawa mpaka kazi itengenezwe.

Pili, mwite fundi aliyefanya kazi, mkiwa na karatasi ya ukaguzi mkononi. Mwonyesheni mahali, msimwonyeshe hasira.

Tatu, asipokuja kwa muda mliopatana, kamati ya maji na nyumba kumi wapeleke jambo kwa shirika linalogawa maji au lililolipia kazi. Malalamiko yaandikwe, na mwombe nakala yenye tarehe ya kupokelewa.

Nne, ikiwa jambo limeanza kuchukua sura ya kabila au ya «wenyeji na wageni», shefu aite baraza haraka, kabla ya uvumi kulala siku mbili. Katika baraza, aanze na namba za konteri na karatasi ya ukaguzi, maneno ya watu yafuate. Konteri haijui kabila la mtu.

Tano, akipatikana aliyejiunganisha kwa siri, asipigwe. Kwanza tiyo yake ikaguliwe, kwa sababu tundu la siri mara nyingi halina mkanda mzuri na linachafua maji ya wote. Kisha aulizwe kwa nini, na asaidiwe kuingia katika njia ya halali. Wengi hufanya hivyo kwa sababu hawakujua pa kuomba, au gharama ilikuwa kubwa mno.

HII NI HAKI, SI HISANI

Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 48, inahakikisha haki ya kupata maji safi. Sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 inaweka taratibu za kutunza na kugawa maji. Kanuni za Umoja wa Mataifa juu ya wakimbizi wa ndani, za mwaka 1998, zinasema mamlaka zihakikishe kwamba waliohama wanapata chakula na maji ya kunywa. Na tarehe 28 Julai 2010 Mkutano Mkuu wa Umoja wa Mataifa ulitambua maji safi kuwa haki ya binadamu. Kwa hiyo mkimbizi anayeuliza kina cha mfereji hajaingilia yasiyomhusu. Na mwenyeji anayeuliza hivyo hafukuzi mgeni. Wote wawili wanatetea jambo moja.

Ndugu viongozi, tunawaomba kila mmoja achague robine moja katika eneo lake mwezi huu, aite wenyeji na wakimbizi, na afanye nao jaribio la konteri usiku. Hamhitaji mradi wala pesa. Mnahitaji kalamu, karatasi, na watu wa pande zote mbili wanaosoma namba zilezile. Jamaa zilizokagua tiyo pamoja zina mahali pa kuanzia siku maji yatakapokatika tena. Zitauliza kwanza, «Imevuja wapi?», kabla ya kuuliza, «Nani ameiba?»